Freddie Mercury na Jimi Hendrix: vifo viwili vya London

Wanamuziki hawa wote wawili walifia London. Hendrix, mpiga gitaa Mmarekani, aliondoka ghafla, 18 Septemba 1970: alizidisha dawa za usingizi, akapaliwa na matapishi yake. Alikuwa na miaka 27 tu. Mtu wa mashoto, gitaa la mkono wa kulia akalipindua juu chini na kulipiga. Hapo hana mpinzani.

Freddie, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa kwa jina la Farrokh Bulsara Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, alijua mapema kwamba anakufa. Ukimwi ulimdhoofisha taratibu, naye bado akawa anaingia studio kurekodi sauti. Tarehe 23 Novemba 1991 akatangaza ugonjwa wake. Kesho yake jioni akafariki, miaka 45.

Kwa gitaa, Hendrix. Kwa ushupavu, namchagua huyu mwana wa Bulsara, wala si kwa upendeleo wa pwani.