TAHADHARI: Kijumbe wa oda za BTS ameingia mitini na hela zetu

Habari za saa hizi wapendwa. Nisomeni mpaka chini kabla hamjauliza "ni nani huyo", maana jina lake sitaliweka na sababu nitaisema.

Tumetapeliwa. Mpaka juzi tumejihesabu watu kumi na tisa: wengi wa Dar, watatu Arusha, wawili Mwanza, mmoja Unguja, na wadogo zetu wawili wa Mombasa. Wote tulimtumia hela dada mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi la mashabiki wa BTS, wale vijana waimbaji wa Korea Kusini, atuagizie albamu mpya kutoka Korea, na wengine wetu taa za ARMY Bomb, zile za mkononi ambazo ARMY, yaani sisi mashabiki wao, tunazipunga kwenye tamasha. Mimi zimeondoka 293,000. Albamu 92,000, taa 175,000, na 26,000 aliyoiita ya forodha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu niliituma siku ambayo roho ilishaanza kukataa.

Kuna watakaosema, mtu mzima na akili zako unalilia taa ya kupunga kwenye tamasha ambalo hujawahi hata kulisogelea. Semeni. Mnaolala na jezi za Simba na Yanga mnanielewa.

Kwa wasiojua: vijana wenyewe ni saba, wapo tangu Juni 13, 2013. Kwao vijana wa kiume lazima walitumikie taifa, kwa hiyo walikwenda kwa nyakati tofauti, Jin akitangulia Desemba 2022, na Suga akawa wa mwisho kumaliza, Juni 2025. Tarehe 1 Julai 2025 wakatokea wote saba mubashara kwenye Weverse, ile programu ya wasanii na mashabiki wao, wakasema albamu mpya itatoka majira ya kuchipua ya 2026 na ziara ya dunia itafuata. Jamani, tulilia. Mimi nililia nikiwa kazini, mteja amesimama mbele yangu anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa. Mtu akikujia kipindi kama hicho akakwambia "nafasi zimebaki nne", humuulizi maswali, unaangalia salio.

Utaratibu wenyewe si wa kitapeli, nisieleweke vibaya. Ukiagiza albamu moja peke yako kutoka Seoul, nauli inaweza kuizidi bei ya albamu. Kwa hiyo watu wanajiunga, mmoja anakusanya hela, analipa dukani Korea, mzigo unakuja mmoja, nauli inagawanywa. Ni upatu tu, na yule anayekusanya ndiye kijumbe. Wapo vijumbe waaminifu. Kuna mmoja Arusha ananiagizia tangu albamu yao ya Proof ya 2022 na hajawahi kunila hata mia. Huyu wa kwetu ndiye aliyetuuza.

Na alitujengea kwa subira. Aliingia kundini Machi 9, siku ya kuzaliwa ya Suga, na mchoro wa keki aliosema amechora mwenyewe. Tukampokea kwa shangwe. Kila Jumatatu alikuwa anatutafsiria wimbo mmoja kwa Kiswahili, tafsiri nzuri kwa kweli, ungedhani amekulia Korea. Mtu akikosea tarehe anamsahihisha taratibu, bila kejeli, na sisi wenyewe tunajua jinsi makundi ya mashabiki yalivyo na midomo. Mama yangu alipolazwa mwezi wa tano, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniandikia asubuhi: "Dada mkubwa, mama ameamkaje?" Siku tisa mfululizo. Ndugu zangu wa damu hawakufikisha siku tisa.

Kabla ya hapo, mwezi wa nne, alishatuuzia kadi. Zile kadi ndogo zenye picha za wasanii, 6,000 kila moja. Nikachukua nne, zote za Jimin, mmoja wa wale saba, zikafika kwa bodaboda siku mbili baadaye kwenye bahasha ya waridi yenye stika. Nikaweka moja nyuma ya kava la simu. Kundi zima likaanza kumwita "mwaminifu".

Hapa nijiseme mwenyewe. Mimi nafanya kazi steshenari. Natoa kopi, nachapa picha za pasipoti, nakata na kulamineti vitambulisho kutwa nzima. Kadi halisi kwa kawaida hupatikana ndani ya albamu iliyofungwa, na huchagui. Unafungua hujui utakutana na nani kati ya saba. Yeye alikuwa na Jimin wa picha ileile hata ukitaka kumi. Hilo peke yake lilitosha. Lakini kadi nimeishika miezi sita na sikuiangalia kama mtu wa steshenari, niliiangalia kama shabiki. Mwezi wa kumi, mambo yameshaharibika, ndipo nikaitoa nyuma ya simu nikaiweka chini ya taa ya kazini. Kona tatu zimezungushwa vizuri, ya nne ina kijino. Kijino hicho nakijua, ni kile kinachoachwa na kikatakona cha bei rahisi kisu kikianza kuwa butu. Na mimi ninacho kimoja cha aina hiyo mezani. Karatasi ni ile ya kuchapia picha, inang'aa upande mmoja. Nikalowanisha kidole nikapitisha kwenye maandishi ya nyuma, wino ukahama. Nimelipa 24,000 kwa kazi ambayo ningeichapa mwenyewe kwa elfu mbili.

Sasa oda yenyewe. Aliifungua mwishoni mwa Agosti: albamu mpya, pamoja na kadi za zawadi kwa wanaowahi. Mwisho wa kulipa, saa sita usiku wa Septemba 1, kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya Jungkook. Sisi ndio tunaojua Jungkook ana michoro mingapi mkononi, sisi ndio tunaobishana mpaka saa nane usiku nani alisimama wapi kwenye dansi ya mwaka 2016. Na hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali la mtoto wa darasa la pili: hiyo albamu inaitwaje? Mwezi huo haikuwa na jina. Tarehe ya kutoka haikutajwa, picha ya jalada hakuna, na hakuna duka lililofungua oda. Tumelipia kitu ambacho wenye nacho walikuwa hawajakitangaza. Dada mmoja wa Mwanza alimuuliza, akajibiwa kwa voisi ya dakika mbili iliyojaa kicheko: "Mimi nina mtu wangu ndani, nyie tulieni." Tukatulia.

Taa aliiuza pembeni, inbox, kwa wachache "anaowaamini". Nilimwomba picha ya uthibitisho na akanitumia bila kusita: taa juu ya meza nyeupe, pembeni kikaratasi chenye jina lake na tarehe ya siku ile. Nikaridhika. Picha hiyo nimekuja kuitazama tena baada ya kila kitu. Nyuma ya taa, ukutani, kuna soketi. Ina matundu mawili ya duara ndani ya kishimo cha mviringo. Yeye alisema yupo Sinza, hapa Dar, na soketi tulizozizoea huku ni za matundu matatu, kama za kwako na za kwangu. Na kikaratasi hakina kivuli. Taa ina kivuli, kikombe kina kivuli, kikaratasi kinaelea. Mdogo wetu mmoja wa Mombasa akaipitisha picha kwenye utafutaji wa picha wa Google, ikatokea kwenye tangazo la mtu anayeuza taa yake iliyotumika, nchi nyingine kabisa, bila kikaratasi.

Wakati wa kulipa, kabla sijaweka namba ya siri, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanaume. Nikamuuliza. "Ni ya shemeji, laini yangu imefika kikomo cha siku." Jibu linaingia akilini, ndiyo shida yake. Namba ya pili, ile ya forodha, ikawa na jina la mwanaume mwingine. Mashemeji wawili.

Septemba tukapewa namba ya kufuatilia mzigo. Nawaombeni mlijue hili moja, litawasaidia hata kwa vitu vingine: namba ya mzigo wa posta ya kimataifa ina herufi mbili mwanzo, tarakimu tisa katikati, herufi mbili mwisho, na hizo za mwisho ni za nchi ulikotoka mzigo. Ukitoka Korea zinakuwa KR. Ya kwetu ilikuwa na tarakimu nane na ikaishia CN. Tulikuwa watu kumi na tisa na hakuna aliyehesabu.

Oktoba mwanzoni mzigo "ukakwama forodha", kila mtu atoe 26,000 la sivyo utarudishwa. Aliyechelewa anatajwa jina kundini, kwamba ndiye anayewachelewesha wenzake. Nikatuma ili nisiwe mimi. Tarehe 13, siku ya kuzaliwa ya Jimin, niliamka nimeandaa ujumbe wangu wa kumtakia heri, nikakuta nimetolewa kwenye kundi. Simu haipatikani. Inbox, picha ya wasifu imeondoka.

Nilikwenda kituoni. Afande alikuwa mtu mwema, anaandika polepole kwa herufi kubwa. Akauliza mmekutana wapi na mtuhumiwa. Nikasema kwenye kundi la ARMY. Kalamu ikasimama. "Jeshi gani?" Ilichukua kama dakika kumi na video moja kumweleza, na mwenzake wa meza ya pili akaja kuangalia, akasema wanacheza vizuri. Lakini RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimepata, na mlio Dar na mliotapeliwa na huyuhuyu njooni inbox niwape namba tuunganishe malalamiko, tukiwa wengi linasogea. Njooni na skrinishoti zinazoonyesha tarehe na ile meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu, msizifute kwa hasira kama alivyofanya mwenzetu mmoja. Namba zote mbili za simu nimezituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye 15040. Kampuni ya simu nilipiga pia. Hela ilishatolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya kuingia.

Jina siliweki kwa sababu silijui. Lile alilotumia kundini si lake, naamini hivyo, na yale ya "mashemeji" huenda ni ya watu ambao vitambulisho vyao vilitumika kusajili laini bila wao kujua. Nikiyaweka hapa kesho mtampigia baba wa watu Kibaigwa kumtukana. Na wewe unayesoma, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Mimi niliipiga siku hiyohiyo kwa woga.

Halafu kuna wa pili, msije mkaangukia huko. Tangu nianze kulalamika nimefuatwa na watu watatu wanaosema wanaweza "kumhaki" na kurudisha hela, ada 30,000 kwanza. Ni walewale au ndugu zao. Na kuna binti kwenye kundi la Telegram aliyekuwa anachati wiki mbili na "Jimin", anaambiwa anunue kadi ya VIP ili wakutane faragha. Mdogo wangu, Jimin hana haja ya vocha zako.

Mimi kuagiza sitaacha, nisiwadanganye. Ila kijumbe yeyote wa sasa nitampigia video, aishike taa mbele yangu, aiwashe, na aiunganishe na simu kwa bluetooth nikiona. Feki nyingi zinawaka vizuri tu lakini na programu yake hazishikani. Oda ya dukani anifungulie kwenye akaunti yake nikiwa naangalia, skrinishoti sitaki. Jina la kwenye malipo liwe la mtu ninayezungumza naye, la sivyo tusubiri kesho kikomo cha laini kiishe. Yule wa Arusha nilipomwambia masharti haya nilijiandaa kwa ugomvi. Akacheka, akanipigia video hapohapo akiwa jikoni anakaanga vitumbua, akanionyesha.

Sasa kilichonifanya niandike leo na si wiki ijayo. Jana usiku mtoto wa dada yangu, yeye si wa BTS, ni wa Blackpink, kundi la wasichana wa Korea, akanitumia tangazo kutoka kundi lao lililofunguliwa mwezi huu. Kijumbe mpya, jina jipya, ana wiki tatu kundini na wanampenda kweli, anawatafsiria nyimbo kwa Kiswahili. Anaanza na vitu vya BTS kwa wenye marafiki ARMY. Taa, 175,000, zimebaki nne. Kikaratasi kimebadilishwa jina na tarehe. Meza ni ileile nyeupe, kikombe kilekile, na nyuma yake ukutani, matundu mawili ya duara.