Nyota nne kwa bibi afya, moja kwa ofisi yake

Nawaandikia wenye pagale ubavuni kama mimi, mnaojiuliza kama kwenda kulalamika serikali ya mtaa kuna faida. Hapa Dar kwangu faida ipo, ila nusu.

Pagale lenyewe liliishia kwenye lenta. Mwenyewe hajulikani: wengine wanasema yuko Muscat, wengine wanasema ndugu wanagombea mirathi. Shimo la choo liliachwa wazi, masika yakija linajaa mpaka mdomoni. Usiku wanalala mateja. Mchana ni zamu ya mbu wa dengi, na sisi tuliougua 2019 tunajua viungo vinavyouma.

Mjumbe alinisikiliza, akanielekeza kwa mtendaji. Mtendaji akataka barua. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo, la sivyo mkifuatilia mtaambiwa barua haionekani.

Bibi afya ndiye aliyeniokoa. Binti mdogo tu, kavaa buti za mpira, akachota maji ya shimo kwa kata ya mpini mrefu na kunionyesha viluwiluwi wakijinyonganyonga. "Mama, hawa siku chache tu wanaruka." Akamwaga dawa ya viluwiluwi, ile inayotengenezwa Kibaha, akasimama palepale mpaka vijana walipoliziba shimo kwa mabati na mawe. Hakuomba hata ya soda.

Sasa ofisi. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inaruhusu mwenye eneo apewe ilani aondoe kero. Ilani iliandikwa, na kwa kuwa mwenyewe hayupo wakaibandika kwenye ukuta wa pagale. Asome nani, mbuzi? Nikasema mtafuteni kwenye kodi ya jengo. Wapi! Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na pagale halina mita. Mimi nakatwa 1,500 kila mwezi, mfuga mbu hakatwi hata senti. Ardhi nako wakasema kiwanja hakijapimwa. Karatasi za mauziano zingekuwa kwa mwenyekiti wa mtaa, maana huku watu huuziana mbele yake, ila aliyepita hakukabidhi daftari.

Kero yako ikiwa mbu, taka au shimo, nenda bila kusita. Ukitaka mwenye pagale apatikane, waulize mafundi. Aliyepandisha kuta zile anakaa mtaa wa pili, namba ya simu ya aliyemlipa bado anayo, na ofisi nimeshaiambia. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.