Kipimo cha picha ya kromosomu kwa sampuli ya Mbeya: kizuri, ila kagua chupa na siku

Mtoto anayehisiwa kuwa na ugonjwa wa Down, au binti aliyechelewa kuvunja ungo, anaweza kutolewa damu Mbeya au Iringa na sampuli ikasafirishwa hadi maabara yenye vifaa vya kupiga picha ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli. Tunaipendekeza huduma hii bila kusita. Ila mara nyingi inaharibikia huku huku, kabla sampuli haijapanda gari.

Kinachopigwa picha ni seli hai inayogawanyika, kwa hiyo damu lazima ifike ikiwa hai. Inatakiwa mililita 3 hadi 5, kwa kichanga 1 hadi 2, kwenye chupa ya kifuniko cha kijani yenye heparini ya sodiamu, dawa ya kuzuia damu kuganda. Chupa ya zambarau, ile ya kupimia wingi wa damu, ina dawa inayodhoofisha uoteshaji wa seli maabara. Mwone mhudumu anayechukua damu anaigeuza chupa taratibu mara 8 hadi 10. Damu ikishaganda, itolewe nyingine. Barafu isiguse chupa, na sampuli isilale kwenye buti la basi joto la Morogoro likiipiga. Ifike ndani ya saa 48. Nendeni Jumatatu au Jumanne. Damu ya Ijumaa hukuta maabara imefungwa.

Maabara huotesha seli saa 72 kwa nyuzijoto 37, huzisimamisha zikigawanyika kwa dawa ya kolsemidi, huzivimbisha, huzidondosha kwenye kioo na kuzipaka rangi ya Giemsa hadi michirizi ionekane. Wiki 2 hadi 3 ni muda wa haki. Anayeahidi majibu kesho anauza kipimo kingine.

Ripoti ikija, dai picha yenyewe pamoja na idadi ya seli zilizohesabiwa, kwa kawaida 20. Maandishi 47,XY,+21 maana yake ni mtoto wa kiume mwenye kromosomu ya 21 ya ziada. Neno “Down” peke yake halitoshi hata kidogo, kwa sababu wachache wana kromosomu 46 kama kawaida huku kipande cha 21 kimeng’ang’ania nyingine, mara nyingi ya 14. Hapo wazazi wote wawili wapimwe kabla ya mimba nyingine, maana mmoja anaweza kuwa amebeba hali hiyo akiwa mzima kabisa.

Msilipie kipimo hiki kwa kutafuta selimundu: badiliko lake ni la herufi moja ya DNA, dogo mno kuonekana kwa darubini.

Udhaifu mkubwa wa huduma ni majibu kutumwa kwenye simu ya mzazi bila maelezo. Hilo halikubaliki. Ulizeni kabla ya kulipa ni daktari gani atakayeyasoma pamoja nanyi. Na kama daktari anahisi mtoto ana mchanganyiko wa seli za kawaida na zenye kasoro, aandike kwenye fomu mapema kwamba zihesabiwe seli 50.