Unga ya masoso ya ku Kadutu: nimeitumia miezi tatu, sasa naweza kusema

Nianze na bei juu njo kitu ya kwanza batu bananiuliza. Kilo moja ni franka 4,000, nusu kilo 2,000, na mama mwenye anaiuza hapunguzi ata umubembeleze namna gani, lakini akishakujua anakumwangia mukono moja ya bure juu ya mizani. Iko mu soko ya Kadutu, hapa Bukavu, upande ya unga, meza ya mbao na mifuko tatu zimefunguliwa mudomo: muhogo, mahindi, na ya tatu njo masoso yenyewe. Rangi yake huwezi ukaikosea, haiko nyeupe, iko kama kahawa ya maziwa juu ya mutama na soya yenye kukarangwa, na ukiinama karibu unasikia harufu ya karanga.

Kwa wale hamuko huku kwetu, masoso ni maisi (mahindi), soja (soya) na sorgo (mutama), baliyakata vichwa bakayashona pamoja ikakuwa jina moja. Bamama ba Kivu banaijua tangu zamani kwa uji ya batoto. Mimi niliiona ni chakula ya mutoto tu paka mwaka huu.

Juu ya nini nilifika kwake? Mwaka jana nilinunua chai ya kupunguza mwili mu butike moja ya mujini, dola 25, paketi ya siku 28, banasema inasafisha damu, inatosha sumu, inaunguza mafuta ya tumbo. Nikaikunywa. Ndani ya siku kumi kilo tatu zikatoka, nikafurahi kabisa, nikawambia ata ba yaya yangu (bakubwa bangu) banunue, kumbe usiku silali, tumbo inakata, ni choo na choo, na miguu ikaanza kukazana mu kitanda paka nalia. Jirani yetu mwenye ni infirmie (muuguzi) akachukua paketi akasoma maandishi madogo ya nyuma, akaniwekea kidole ku neno moja: séné. Akaniambia mama, hii ni dawa ya kuharisha, inafanya kazi mu utumbo mukubwa, na chakula yako mwili unaichukuaka mu utumbo mudogo, mbele haiyafika kule, kwa hiyo mafuta iko palepale, chenye unapoteza ni mayi na chumvi za mwili, na potasiumu ikishuka njo miguu inakazana vile. Na sumu yenye banasema inatoshwa, hiyo ni kazi ya maini na figo, zinaifanya kila siku bila chai ya mutu. Nikaacha. Wiki moja kilo zote tatu zikarudi. Dola 25, fikiria ni kilo ngapi za samaki ndogo za sambaza hiyo.

Tangu hapo nikaamua chakula ya mu nyumba yetu nitaifuata mwenyewe, neno kwa neno, juu tuko batu sita na mama mukwe ana ugonjwa ya sukari, batoto batatu, wa mwisho ana miezi kumi na moja, siwezi kufuata kila kitu yenye inapita mu WhatsApp.

Sasa unga. Siku ya kwanza nilimuuliza mama wa unga kama soya yake amekaranga ao amesaga tu mbichi, juu hapo njo kuna shida ya unga mingi za soko. Hakukasirika. Akatosha mukebe chini ya meza, ndani kuna soya nzima yenye amekaranga usiku ile, akanipa punje tatu akaniambia tafuna. Ngozi ilikuwa imepasuka, ndani rangi ya dhahabu, ikavunjika kwa meno kraa, tamu kama karanga. Halafu akachukua punje mbichi mu mufuko mungine akanipa na ile, nikatafuna, mudomo ukajaa ladha ya maharagi mabichi, kama majani. Akasema "mwanangu, ukisikia hii ladha mu unga ya mutu yeyote, rudisha." Na ana haki, soya mbichi iko na kitu ndani yake yenye inazuia tumbo kusaga protini, ni moto tu inaiua, njo maana mutoto mwenye kula soya yenye haikukarangwa na haikuiva muzuri tumbo inamuvimba na haongezi kilo ata mama anamupatia kila siku. Paka leo nikinunua naweka kidogo ku ulimi kwanza, palepale mbele yake.

Mchanganyiko wake ni mahindi vipimo viwili, mutama kimoja, soya kimoja. Nilifanya hesabu: mahindi peke yake iko na protini karibu gramu 9 mu gramu 100, unga ya muhogo ni gramu 1 ao 2 tu, soya inafika 36. Ukichanganya vile anachanganya unapata karibu 16. Na haiko hesabu tu, protini ya mahindi na mutama inakosa laisini, soya inayo mingi, soya nayo inakosa methionini yenye mahindi iko nayo (hizo mbili ni vipande vya protini), zinasaidiana. Huku kwetu tunajua bwaki ni nini, ule ugonjwa ya mutoto kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi, paka kulikuwa Comité Anti-Bwaki hapa Bukavu, na kule Lwiro watoto ba bwaki banatunzwa tangu miaka mingi. Njo maana nikiona unga ya muhogo peke yake inapewa mutoto asubuhi na mangaribi nasikia vibaya kabisa.

Namna ya kupika, juu ya kwanza niliharibu nyungu nzima. Usitupe unga mu mayi ya moto, itafunga mabonge. Koroga kwanza na mayi baridi mu bakuli paka iwe laini, mayi ingine ichemuke ku mbabula, njo unamwanga polepole huku mwiko unatembea. Na usiache nyungu! Soya inatoa povu, inapanda gafla kama maziwa, inazima makala yako. Punguza moto, acha dakika 20, usidanganyike juu imekuwa nzito kisha dakika tano. Ikiiva harufu ya mbichi inaisha na uji inang'aa juu. Ya mutoto naifanya nzito, ikae ku kijiko bila kumwangika, juu ile uji ya mayi mayi inajaza katumbo kake mbele chakula haiyaingia. Naongeza kijiko moja ya mawese na sambaza zenye nimekausha nikasaga, na kichwa na mifupa vyote, juu kalsiamu iko mu mifupa. (Watoto ba siku hizi habajui ata kama sambaza haikukuwa samaki ya Kivu, balileta kutoka Tanganyika mwisho ya miaka ya 1950. Sasa Bukavu bila sambaza utakula nini?) Mawese siichome paka igeuke nyeupe kama bengine banafanya, ile wekundu njo vitamini A ya mutoto, ukiiunguza umemwanga. Na yote hii ni kisha miezi sita, mbele ya hapo ni maziwa ya mama tu.

Kwa sisi bakubwa naipika asubuhi bila mawese, na ndimu. Sukari njo tulipigana nayo. Bwana yangu alikuwa anaweka vijiko vitano mu kikombe, kijiko ya chai ni kama gramu 4, sasa vitano ni 20, ukiongeza chai ya saa kumi na fanta moja umeshapita gramu 50 zenye OMS (shirika ya afya ya dunia) inasema mutu mukubwa asipite kwa siku, na banasema ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Tumeshuka paka kijiko kimoja na nusu. Ilichukua wiki tatu ulimi kuzoea. Mutu mumoja ku kanisa akatushauri tubadilishe na ile sukari ya vidonge, yenye haiko sukari ya kweli, lakini mwaka 2023 OMS ilisema wazi isitumiwe kwa kutafuta kupungua mwili, kwa hiyo dola zangu nimezibakisha.

Sasa yenye haikunifurahisha, na nilimwambia mama wa unga uso kwa uso kwa heshima. Ameweka karatoni mbele ya meza: INAPONESHA SUKARI NA TANSIO. Hapana. Hii ni unga, ni wanga kwa sehemu kubwa, mama mukwe akikula bakuli kubwa sukari yake inapanda, tumeipima na kamashini yake, bakuli kubwa na bakuli ndogo haziko sawa hata kidogo. Anakula ndogo, bila sukari, na yai ao maharagi pembeni, na dawa zake hajaacha ata siku moja. Tansio (presha ya damu) nayo, angalia chumvi na zile kibe za supu mwenye unaweka tatu mu sombe (majani ya muhogo) kisha unaongeza chumvi tena, OMS inasema gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko moja ya chai, na kibe ni chumvi kwa sehemu kubwa. Mutu akisoma ile karatoni akaacha dawa atakufa na mama hatajua. Na mutoto mwenye ameshavimba miguu hapewi masoso nyumbani, anakimbizwa ku kituo ya afya, kule banamupatia maziwa ya dawa na Plumpy'Nut (ile siagi ya karanga ya kutunza batoto) kwa kipimo.

Yaya yangu yeye ananiambia niache unga yote nifanye keto, nyama na mafuta tu. Nimesoma juu yake. Hiyo keto ilitengenezwa Marekani mwaka 1921 kwa bagonjwa ba kifafa, na kweli inasaidia batoto bengine benye dawa zinashindwa, lakini chini ya macho ya daktari. Yaya ameifanya mwezi moja, amepungua, lakini nyama ya kila siku imemaliza pesa ya shule, na choo ikafunga. Simukatazi, ni mukubwa wangu. Ila mimi siwezi kuambia nyumba ya batu sita kwamba bugali ni adui. Shida ya bugali yetu ni kipimo: mulima ya bugali na mboga kijiko mbili. Tumegeuza sahani, lengalenga (mchicha) na maharagi ndio mingi, bugali ngumi moja, tunda ikipatikana, na chai tumeitoa ku meza tunaikunywa saa moja kisha kula juu chai inazuia mwili kuchukua chuma ya mboga, kumbe ndimu inaisaidia. Hii kitu ndogo haina gharama yoyote na sijaisikia mu tangazo ata moja.

Niliona pia paketi za masoso mu maduka makubwa ya mujini, nzuri, za rangi, zimeandikwa "sans gluten", bei mara tatu. Ni kweli haina gluteni. Lakini mahindi, mutama, soya na muhogo hazijakuwaka nayo tangu Mungu aliziumba, gluteni ni protini ya ngano na shayiri, na inadhuru batu bachache benye ugonjwa wake. Kulipa juu ya hilo neno sioni sababu. Chenye paketi ya duka inashinda mama ni moja tu: tarehe.

Na hapo njo malalamiko yangu ya kweli. Mwezi ya pili nilinunua kilo tatu kwa mara moja, kisha wiki tatu unga ikageuka, harufu ya mafuta ya zamani, uchungu ku koo. Mafuta ya soya inaharibika, na Bukavu yetu na hii mvua, unga inakunywa unyevu usiku moja. Nikatupa karibu kilo nzima kwa uchungu, juu kuvu ya mahindi iko na sumu yenye kupika haiiondoi na inagonga maini, siwezi kubahatisha na mutoto. Sasa nanunua kilo moja na nusu ya wiki mbili, naweka mu ndoo yenye kufunga, mbali na ukuta.

Kwa yote ninampa nane ku kumi. Nendeni mbele ya saa tatu, kisha hapo mara nyingi inaisha, na siku ya yenga (Jumapili) haiko. Nilimuomba vitu mbili: ashushe ile karatoni, na aandike siku ya kusaga. Karatoni bado iko, anasema nitamufukuzia bakiriya, tutaendelea kuongea. Lakini siku ya posho (Jumamosi) iliyopita nimekuta mufuko ya masoso ina kipande ya karatasi imefungwa na kamba, imeandikwa na biki nyekundu: IMESAGIWA JANA MANGARIBI.