Kasri la Bolsover: anzia kwa farasi, malizia darini

Anayetaka kumjua William Cavendish, Duke wa Newcastle, kabaila wa Kiingereza wa karne ya 17, aende Kasri la Bolsover, Derbyshire, Uingereza, kama kilomita 10 kutoka stesheni ya Chesterfield. Kasri hili linatunzwa na English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale.

Wengi hukimbilia mnara. Hilo ni kosa. Anzia jumba la kufundishia farasi: panda roshani ya watazamaji, utazame paa lake la mbao. Bwana huyu aliwapenda farasi kuliko vita. Kitabu chake cha kuwafundisha kilichapwa Antwerp mwaka 1658, alipokuwa uhamishoni. Alikimbia nchi baada ya jeshi la Mfalme Charles I kushindwa kwenye mapigano ya Marston Moor, Julai 1644, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza.

Mnara, Little Castle, ulianzwa na baba yake William, Charles Cavendish, mwaka 1612. Juu kuna vyumba viwili vidogo vilivyochorwa dari: kimoja mbingu ya Kikristo, kingine miungu ya kale uchi kabisa. Hapo usiharakishe, shingo iume tu. Ngazi ni nyembamba na za mawe. Mwenye magoti mabovu abaki bustanini kwenye chemchemi ya Venus.

Upande wa kumbi ambako Mfalme Charles I alikaribishwa mwaka 1634 hauna paa, kwa hiyo beba koti la mvua.

Upungufu: mke wa pili wa William, Margaret, mwandishi hodari aliyeoana naye Paris mwaka 1645, hajengeki akilini kupitia kuta hizi. Kaburi lao liko Westminster Abbey, kanisa kuu la London.