Rimoti na mlango wa mvule: kifaa cha infraredi tulichofungiwa Migosi, Kisumu

Kabati la redio tulichongewa Kibuye, mvule mtupu, milango miwili. Mama watoto alishasema milango hiyo ikae imefungwa, kwa vumbi na kwa vidole vya wajukuu. Shida ni kwamba rimoti hutuma amri kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na haupiti kwenye mbao. Ukitaka kupunguza sauti, unainuka.

Kifaa chenyewe ni kijicho cheusi kisichozidi kifungo cha shati, kiboksi cha kuunganishia, adapta ya volti 12 na waya nne zenye vijitaa nchani. Kijicho kinakaa nje na kupokea mwanga wa rimoti. Waya unapeleka mpigo uleule ndani, na kijitaa kilichobandikwa usoni pa amplifaya, mashine ya kukuza sauti iliyo kabatini, kinaumulika upya. Amplifaya inadhani umesimama mbele yake. Kifaa nililipa shilingi 3,200 dukani mjini, na fundi wao akachukua 1,000.

Kijana anaijua kazi. Alimulika tochi kwenye plastiki nyeusi ya amplifaya mpaka akaona jicho lake lilipojificha, ndipo akabandika. Wengi hubandika kwa kukisia. Kisha akageuza simu, akafungua kamera ya mbele, akabonyeza rimoti. "Mzee, unaona inavyowaka?" Kwa macho hakukuwa na kitu; kwenye kioo cha simu, kijitaa kilimetameta zambarau. Pia alitoboa matundu ya hewa nyuma ya kabati bila kuulizwa, maana amplifaya iliyofungiwa na joto hili la Kisumu itajipika.

Sasa jua. Kijicho alikiweka juu ya kabati, kikitazama dirisha la magharibi. Asubuhi safi kabisa. Ikifika saa kumi na moja jioni, jua la upande wa ziwa likiingia moja kwa moja, rimoti inakufa na taa ya kiboksi inapepesa ovyo. Jua nalo limejaa infraredi. Rimoti nyingi hupiga mwanga wake kama mara 38,000 kwa sekunde ili kijicho kiutofautishe na mwanga mwingine, lakini jua kali likikikodolea, kinazidiwa. Nilipompigia simu fundi alirudi bila kudai nauli, akakihamishia chini ya ukingo wa rafu, kivulini. Tangu hapo ni burudani: Jumapili rumba inapanda na kushuka nikiwa kitini, milango imefungwa, na mama watoto hana la kusema.

Stima ikikatika na kurudi, hakuna cha kupanga upya. Kile kidude cha sinema cha vijana hakikuhitaji waya wowote, rimoti yake ni ya Bluetooth na mbao haziisumbui. Kwa hiyo kabla ya kununua, angalia rimoti zako ni za aina gani, usije ukalipia usichohitaji.

Gundi ya vile vijitaa haifai kabisa. Cha dekoda kilidondoka kwa joto, tukakirudisha kwa gundi ya karatasi ya pande mbili kutoka duka la vifaa vya ofisi. Na waya ni fupi. Kwa kabati pana kama letu ilibidi dekoda isogezwe karibu na amplifaya.

Nyota nne. Fundi peke yake ningempa tano.