Ukiruka na Cessna: ufuate pwani au barabara ya Morogoro?

Kwenye ndege ndogo ya Cessna 172 mabawa yako juu, kwa hiyo ardhi unaiona vizuri. Kujua uko wapi ni jambo lingine.

Kutoka Dar kwenda Tanga, pwani haikupotezi: bahari iko kulia, nchi kavu kushoto. Kisiwa cha Bongoyo kinapita, kisha kisiwa cha Mbudya, halafu mji wa Bagamoyo. Kazi inaanza mbele ya hapo. Mto Ruvu na Mto Wami yote humwaga maji ya tope baharini katikati ya mikoko, na ukiwa futi 3,000 yanafanana kama pacha. Unapaswa kukumbuka kwamba Ruvu uko karibu kabisa na Bagamoyo. Wami uko kaskazini zaidi, upande wa Saadani. Maji yakikupwa, mafungu ya mchanga huibuka na ufuo unaoujua hubadilika sura.

Njia ya Morogoro ina alama nyingi zaidi, na hapo ndipo tabu ilipo. Mabati ya Kibaha na ya miji midogo inayofuata yanang'aa sawasawa. Usitazame nyumba, tazama mistari: Chalinze utaijua kwa barabara inayochepuka kwenda Segera. Reli mpya ya SGR imenyooka, ile ya zamani inapindapinda. Mbele kuna milima ya Uluguru, zaidi ya mita 2,600, mradi mawingu hayajaifunika, na mara nyingi huifunika.

Kwa rubani mwanafunzi ningechagua pwani. Asubuhi, kabla joto halijaanza kuirusharusha ndege.